Muhuri wa Balozi Haukuwa Hati ya Nyumba

Tangu masika yaishe, meza yetu ya mapokezi, hapa kwenye taasisi ya nyaraka Zanzibar, ina foleni tusiyoizoea. Wanaopanga foleni hiyo ni watu wazima wenye bahasha, na ndani ya kila bahasha mna nakala kivuli ya karatasi kongwe yenye muhuri wa balozi: wa Mwingereza, wa Mmarekani, mara mojamoja wa Mjerumani. Wengi wamesikia ile sauti inayozungushwa WhatsApp, ya mtu anayesema nyumba za Mji Mkongwe zilizokuwa za wafanyabiashara wa kigeni "bado zimo kwenye mikataba", na mwenye karatasi ya ubalozi atarudishiwa. Taasisi haikutoa kauli hiyo, haimjui aliyeitoa, na haina mamlaka ya kumrudishia mtu yeyote nyumba.

Naamini wanaokuja wana nia njema. Mikataba yenyewe, ile ya Sultani na mataifa ya kigeni katika karne ya 19, ipo kweli, nasi tunaishika kila siku, kwa hiyo ni wajibu wetu kueleza inasema nini.

Wa mwanzo ni wa Marekani, uliotiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833 baina ya Seyyid Said, Sultani wa Maskati na Zanzibar, na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Ibara yake ya 9 ndiyo inayohusu mali. Wamarekani wakigombana wenyewe kwa wenyewe, balozi wao ndiye mwamuzi wa pekee. Mmarekani akifia ndani ya milki ya Sultani, balozi huipokea mali yake na kuipeleka kwa warithi, lakini kwanza hulipa madeni ambayo marehemu alidaiwa na raia wa Sultani. Nyumba ya balozi haiingiliwi na mali yake haikamatwi. Akivunja sheria za nchi, malalamiko hupelekwa kwa Rais wa Marekani, naye atamwondoa mara moja. Balozi wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja 1837, naye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Fikirini: mwamuzi wa kesi za biashara ana bidhaa zake bandarini.

Wa Mwingereza ni wa tarehe 31 Mei 1839, na huu ndio ulioacha makaratasi mengi. Uliwaruhusu raia wa Uingereza kununua, kuuza na kukodi ardhi na nyumba. Nyumba zao na bohari zao hazikuweza kupekuliwa kwa nguvu bila idhini ya mwenyewe, isipokuwa balozi awe na habari. Naye akiona sababu ni ya haki, hupeleka mtu wake afanye upekuzi pamoja na maofisa wa Sultani. Watumishi wao walipata ulinzi uleule. Raia wa Uingereza akifilisika, balozi hushika mali yote na kuwagawia wadai, na baada ya hapo muflisi hadaiwi tena kile kilichopungua. Ushuru ulikuwa asilimia 5.

Kuna kifungu ambacho wageni wetu hukiruka, na ndicho chenye mambo. Raia wa Sultani akimshtaki raia wa Uingereza, kesi inasikilizwa na balozi. Raia wa Uingereza akimshtaki raia wa Sultani, kesi inakwenda kwa Sultani au mtu aliyemteua, lakini haianzi mpaka balozi au wakala wake awe amekaa barazani. Chukueni mwenye shamba la karafuu aliyekopa kwa tajiri wa Kihindi anayehesabiwa raia wa Uingereza, akaliweka shamba rehani au akaliuza kwa bei ya khiyari, yaani mauzo yanayomwachia muuzaji haki ya kulikomboa, ili kukwepa riba. Akishtakiwa, Sultani anaamua huku balozi akimtazama. Akishtaki yeye, Sultani hana hata kiti. Na mikarafuu inayogombaniwa iko Unguja, imepandwa na watu wa Unguja.

Mwaka 1839 hilo halikuonekana zito. Seyyid Said alikuwa na merikebu, forodha na sauti. Baada ya kufariki kwake 1856 mambo yaligeuka. Wanawe waligombea urithi, na kwa uamuzi wa 1861 wa Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, milki ikakatwa mbili, Zanzibar ikitakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Sultani anayedaiwa hana ubavu wa kubishana na balozi, na karatasi zinaonyesha hivyo mwaka baada ya mwaka.

Swali lililozua ugomvi mkubwa lilikuwa dogo kwa sura: nani ni raia wa Uingereza? Banyani wengi walitoka Kutch, nchi ya Bara Hindi iliyotawaliwa na Rao, yaani mfalme wake, chini ya ulinzi wa Waingereza. Sultani alisema hao ni watu wake, wamekaa kwake, wanalipa kwake. Balozi alisema ni wake. Wenyewe Wahindi walichagua kulingana na siku. Mwenye rehani ya kudai aliutaka muhuri wa balozi. Mwenye watumwa aliukimbia, kwa kuwa sheria ya Kiingereza ilimkataza raia wake kumiliki mtumwa. Balozi Rigby alipoanza kuwatoa watumwa mikononi mwa Wahindi mwaka 1860, watu zaidi ya 5,000 waliachwa huru. Mali iliyogombaniwa safari hiyo ilikuwa binadamu, wala tusiizungukezunguke. Mwaka 1869 Rao wa Kutch alitangaza kuwa watu wake walioko Zanzibar wako chini ya ulinzi wa Uingereza, na mjadala ukafungwa bila Sultani kuufunga yeye.

Nyumba ya biashara ya Jairam Sewji, Banyani wa Kutch, ilikuwa imekodi forodha kwa miaka mingi, ikimkopesha Sultani kwa mkono mmoja na kumkusanyia ushuru kwa mkono wa pili. Sultani Seyyid Majid alipofariki 1870 aliacha deni kubwa kwao. Seyyid Barghash, aliyeshika kiti baada yake, alibisha: deni la kaka yake kwa nini liwe lake? Hilo ni swali la mirathi ambalo kadhi angelijibu. Lakini mdai alikuwa na bendera nyuma yake, kwa hiyo likawa jambo la kibalozi, na Barghash akaishia kupatana.

Kisa kinachoulizwa kuliko vyote ni cha Bibi Salme, na hapa naomba niwe mkali kidogo, maana kimejaa porojo. Salme binti Said aliondoka Unguja 1866, akabatizwa na kuolewa Aden 1867 na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa akifanya biashara hapa. Mumewe alifariki 1870 kwa ajali ya tramu. Kwa ndoa ile Salme alikuwa raia wa Ujerumani, na alidai fungu lake katika mirathi ya ndugu zake waliofariki. Barghash alijibu kwa fikihi: dini zikihitilafiana, hakuna kurithiana. Mtu akilipenda jibu hilo au asilipende, lilikuwa jibu la kisheria la nchi hii. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri, mizinga ikielekea nchi kavu, na Salme yuko kwenye msafara.

Watu huniambia manowari zilikuja kumdai urithi wake. Hapana. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alitaka Sultani aache kupinga himaya ya Wajerumani Bara. Sultani alipokubali hilo, dai la Salme lilibaki mezani kama sahani iliyokwishaliwa. Alipewa fedha kidogo kama hisani, akazikataa. Alirudi tena 1888, akaondoka mikono mitupu, na alifariki Ujerumani 1924. Kama binti wa Seyyid Said, aliyekuja na manowari, hakupata shamba kwa karatasi za kibalozi, wewe unakuja na nakala kivuli kutarajia nini?

Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Zanzibar 1890. Mwanzoni mwa karne iliyofuata Wafaransa, Wamarekani na Wajerumani waliziacha mahakama zao za kibalozi, na kesi zikahamia kwa Mwingereza. Kuhusu ardhi, Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inaeleza kwamba ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na inahesabiwa hivyo tangu tarehe 8 Machi 1964. Anayedhani nyumba yake iko katika wakfu aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mwenye shauri la ardhi aende Mahakama ya Ardhi. Makala hii si ushauri wa kisheria.

Sasa utaratibu. Anayetaka kuona jalada ajaze fomu mbili, moja ya utambulisho na moja ya maombi, aambatishe nakala ya kitambulisho. Jalada linatolewa moja kwa wakati. Penseli tu, kalamu ya wino inaachwa mlangoni, hata kama imefungwa, hata kama "siitumii". Kupiga picha kunaombwa na kulipiwa kabla, si baada. Nakala iliyothibitishwa inachukua siku kadhaa na ina muhuri wetu nyuma. Muhuri huo unathibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi iliyomo jaladani. Hauthibitishi kwamba yaliyoandikwa ni kweli, wala kwamba nyumba ni yako. Kutoa karatasi nje ya chumba cha kusomea ni kosa la jinai. Kuongeza jina, tarehe au mpaka kwenye nakala ni kughushi, na kuipeleka mahakamani baada ya hapo ni kosa la pili linalosimama peke yake. Mwezi uliopita tumeona nakala ya mwaka 1874 yenye namba ya simu iliyoongezwa kwa wino wa bluu. Tafadhali pia msizipige laminesheni karatasi za asili. Zinaiva humo.

Bwana mmoja mstaarabu alikuja na ya kwake imeshapigwa, akaikumbatia kama mtoto. Ilikuwa orodha ya mali ya babu wa babu yake, iliyofanywa na karani wa ubalozi baada ya maziko, duka likiwa bado limefungwa kwa lakiri. Tuliisoma pamoja mstari kwa mstari: mizani 2, moja mbovu, majamvi, kasha la chuma, ufunguo haupo, daftari 3 za Kigujarati, frasila chache za pembe. Nyumba aliyokuja kuidai ilikuwepo pia, upande wa pili wa karatasi, katika orodha ya madeni. Marehemu alikuwa hajalipa kodi ya miezi 7, na mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa Kiarabu. Aliniuliza kama jina la yule mwanamke linasomeka. Linasomeka. Akaomba penseli.