Mtafiti na mwelimishaji jamii: dhana potofu kuhusu kuaminiana

Dhana: Kikao cha utambulisho kikienda vizuri, watu wameshaaminiana.

Kikao kilichokwenda vizuri kinaonyesha kwamba wenyeji wana adabu kwa mgeni, basi. Kuaminiana huanza pale mtafiti aliyeahidi rasimu ya dodoso Ijumaa anapoileta Ijumaa, au anapopiga simu Alhamisi kusema itachelewa. Mwelimishaji jamii, yaani mwenyeji anayewaunganisha watafiti na watu wa eneo lake, naye anapimwa hivyohivyo: akisema ametembelea kaya 20, ziwe 20.

Dhana: Mwelimishaji ni mlango tu wa kuwaingiza watafiti kwa watu wanaomwamini.

Hakuna dhana iliyoleta madhara kama hii. Katika utafiti wa kaswende wa Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600. Kati yao 399 walikuwa na kaswende, na hawakutibiwa hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo katika miaka ya 1940. Aliyewaunganisha na madaktari alikuwa muuguzi Mweusi, Eunice Rivers, waliyemjua na kumpenda. Aliwapeleka kupimwa kwa gari, akazungumza na familia zao kuhusu fedha za mazishi ili wakubali miili ichunguzwe. Imani ilikuwepo, tena tele, ikageuzwa pazia.

Ndiyo maana kabla ya kubisha hodi nyumba ya kwanza, mwelimishaji anatakiwa aweze kueleza kwa maneno yake, bila karatasi mkononi: utafiti unatafuta nini, nani anaufadhili, mshiriki anaweza kudhurika vipi, atapata nini na hatapata nini, na akitaka kujitoa afanyeje. Akikwama popote, mafunzo hayajatosha na kazi isubiri. Magari ya utafiti yakishaondoka, atakayesimamishwa njiani na kuulizwa ni yeye.

Dhana: Fomu ikishasainiwa, suala la ridhaa limekwisha.

Kuanzia 1990, watu wa kabila la Havasupai huko Arizona, Marekani, walitoa damu wakiamini inachunguzwa kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwasumbua sana. Fomu iliandikwa kwa maneno mapana. Baadaye sampuli zilitumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili) na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo hawakudhani wameyakubali. Mgogoro ulimalizika 2010 kwa chuo kikuu husika kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli.

Maneno mapana yanamrahisishia mtafiti leo na kumfungia mlango kesho. Fomu itaje sampuli au data itatumika kwa nini, itakaa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine anaweza kuiomba. Matumizi mapya yakijitokeza, watu waulizwe upya. Na usimwulize mshiriki "Umeelewa?", maana jibu huwa ni ndiyo. Mwombe akueleze kama vile anamsimulia jirani; hapo ndipo utajua palipopotea.

Dhana: Kumlipa mwelimishaji kunaharibu moyo wa kujitolea.

Kinachoharibu ni malipo yaliyopangwa vibaya. Kutafsiri dodoso, kutembea nyumba kwa nyumba na kutuliza uvumi ni kazi, na fungu lake linatakiwa liwe kwenye bajeti kabla ombi la fedha halijatumwa, si posho ya kuokoteza mwishoni. Mlipe kwa siku au kwa saa. Ukimlipa kwa kila kichwa anachoandikisha, umemweka katika mtego: mtu anayesitasita atabembelezwa, asiye na sifa ataingizwa, na jamii itagundua mapema kwamba inauzwa.

Dhana: Mtafiti asiyebadilisha dodoso baada ya kushauriwa ana dharau.

Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, mpango wa utafiti umeshapitishwa na kamati ya maadili, na kubadilisha swali moja kunahitaji kuomba idhini upya, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Kosa la mtafiti ni kuleta dodoso wakati huo badala ya kulileta likiwa bado rasimu. Waelimishaji walisome kabla halijaenda kwenye kamati, walijaribu kwa watu wachache, na warudishiwe orodha fupi: ushauri upi umekubaliwa, upi umekataliwa, na kwa nini. Ushauri unaokataliwa kwa sababu iliyo wazi huumiza kidogo kuliko unaopotea kimyakimya.

Dhana: Matokeo yakichapishwa, jamii imerudishiwa chake.

Jarida la kitaaluma huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, na halisomwi mtaani. Wasan, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walipotoa kanuni zao za maadili ya utafiti mwaka 2017, walidai pia lugha iliyo wazi, isiyo ya kitaaluma. Ukusanyaji wa data ukiisha, mpe mwelimishaji ukurasa mmoja: wangapi walishiriki, kinachofuata, na matokeo yatarudi lini. Yakiwa tayari, ayaone yeye kabla ya umma. Hawezi kubadilisha namba, lakini atakuonyesha sentensi itakayowafanya watu wa eneo fulani wanyooshewe vidole. Msipokubaliana juu ya tafsiri, maoni yake yaandikwe kwenye ripoti pamoja na yenu.

Dhana: Kosa likifichwa, uhusiano unalindwa.

Orodha ya majina imepotea, malipo yamechelewa, kifaa kimetoa majibu yasiyo sahihi: mwelimishaji akiyasikia kwanza kwa watu, atadhani mlimtoa kafara. Mpigieni siku hiyohiyo, hata kama hamjui yote. Mwambieni kilichotokea, nani ameguswa, kinachofanyika sasa, na saa ngapi mtampigia tena. Kisha mpigieni saa hiyo, hata kama hakuna jipya.