Wastani wa Samaki wa Deep Sea Hausemi Habari za Kipumbwi

Tuseme asubuhi moja, katika soko la samaki la Deep Sea jijini Tanga, umepima samaki wa vyombo tisa. Vinane ni mitumbwi na ngalawa: kilo 8, 10, 11, 12, 12, 14, 15 na 16. Cha tisa ni boti la mashine lenye wavu mkubwa, limeshusha kilo 172. Jumla ni kilo 270. Gawa kwa 9, wastani ni kilo 30.

Sasa mtafute mvuvi aliyepata kilo 30. Hayupo. Wanane wameishia kilo 16 kushuka chini, na boti moja limewavuta wote juu. Ukizipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa ukachukua ya katikati, yaani ya tano, unapata kilo 12, na hiyo ndiyo hali ya mvuvi wa kawaida asubuhi ile. Kwenye mapato na bei za viwanja mambo huwa hivyo hivyo: wachache wenye vingi huupandisha wastani. Inanisikitisha kuona taarifa zikitoa wastani peke yake, bila namba ya katikati wala mtawanyiko, yaani namba zimeachana kiasi gani.

Hadi hapo tuko kwenye takwimu elezi: zinaeleza ulivyovipima, basi. Sensa ya mwaka 2022 nayo ni ya aina hiyo: ilikusudia kumhesabu kila mtu nchini, ikapata watu 61,741,120, Mkoa wa Tanga ukiwa na 2,615,597.

Ugumu unaanza unapotaka kuvisemea vyombo ambavyo hukuvipima, vya madiko mengine (sehemu vyombo vinaposhusha samaki) ya pwani ya Tanga kama Moa, Pangani au Kipumbwi. Hizi ni takwimu za makisio. Deep Sea ipo mjini, wanunuzi wako jirani. Madiko ya mbali yana hali yake. Halafu siku nazo hazifanani: mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika, na bahari ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, si ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Hata ukipima Deep Sea mwaka mzima, utakuwa umeijua Deep Sea tu. Wingi wa namba hauponyi uchaguzi uliopinda.

Dawa yake ni sampuli nasibu. Unaorodhesha madiko yote, unapiga kura ya madiko, ya vyombo na ya siku, kila kimoja kikiwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Ukifanya hivyo, hesabu inakuruhusu kusema unaweza kukosea kwa kiasi gani. Wavuvi 400 waliochaguliwa kwa kura moja kwa moja kutoka orodha ya wavuvi wote wakijibu swali la ndiyo au hapana, jibu lao halitapishana na la wavuvi wote kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, katika sampuli 95 kati ya kila 100. Ukitaka kosa hilo lipungue kwa nusu, usiongeze watu mara mbili. Unahitaji mara nne, yaani 1,600.

Ndiyo maana utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, uliokadiria kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wanaishi chini ya mstari wa umaskini, uliweza kuhoji kaya zisizofika 10,000 tu. Na ndiyo maana mdadisi akibisha hodi kwako, ukamwambia aende kwa jirani kwa kuwa yeye ana nafasi, atakuomba apange siku nyingine ya kurudi kwako. Kura iliangukia nyumba yako. Anayepatikana nyumbani mchana huenda hana kazi au ni mzee, na wadadisi wakimhoji yeye badala yako mtaa baada ya mtaa, makisio yatapinda kama yale ya Deep Sea.