“Nimepona, Ya Nini Kulipa Tena?” na Mengine Ninayoambiwa Kliniki

Mwezi wa tano ukiingia hapa Malindi, kusi imeshika, bahari imechafuka na hoteli nyingi zimefunga milango, daftari langu la miadi huwa jeupe. Mgeni wa kazi hii angedhani watu wamepona. Mimi ni tabibu wa magonjwa ya akili, nina chumba changu cha kulipia hapa mjini mwaka wa kumi na moja sasa, na najua walipo. Wako nyumbani, dawa wameacha, na baadhi yao nitawaona mwezi wa saba wakiletwa na ndugu wawili, mmoja kila mkono.

“Daktari, mimi nilishapona. Sasa ya nini kulipa tena?” Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo mara tatu. Wa tatu aliniambia huku mikono inamtetemeka.

Nadhani malaria ndiyo iliyotuharibu. Malaria unameza dozi ya siku tatu, homa inashuka, unarudi kazini, hesabu imefungwa. Maradhi ya akili hayaendi hivyo. Dawa ya sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, kama fluoxetine huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona tofauti, wengine hata sita. Dalili zikishaisha ndipo unaendelea nayo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 uliweka miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kutoweka. Aliyepata saikosisi (kuona au kusikia yasiyokuwapo) kwa mara ya kwanza, angalau miezi 12. Mwenye baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), uliweka angalau miaka 2 tangu kipindi cha mwisho cha ugonjwa. Anayeacha mwezi wa tatu kwa sababu anajisikia vizuri ni kama aliyeezeka makuti upande mmoja wa banda, akaingia kulala kwa kuwa masika bado.

Nina mgonjwa, nahodha wa boti ya kupeleka wageni kuangalia samaki kwenye hifadhi ya bahari. Mambo yake mengine nimeyageuza ili asitambulike. Alianza matibabu ya baipola mwezi wa kumi na mbili, wageni wamejaa, mfukoni mna pesa. Kunilipa mimi na dawa zake za valproate ilimgharimu shilingi 2,400 kwa mwezi. Akatulia, akalala, akanenepa kidogo, mkewe akawa anacheka. Mwezi wa nne hakuja. Nilipopiga simu akajibu kwa adabu zote: “Nimepona daktari, Mwenyezi Mungu akulipe.”

Mwezi wa sita mkewe akaja peke yake saa mbili usiku, buibui limelowa mvua, na kikaratasi cha vidonge mkononi. Vidonge kumi na vinne havijaguswa. Mumewe hakuwa amelala kwa siku nne, anazungumza bila kupumua, anasema ananunua hoteli. Mashine ya boti, ya farasi arobaini, ameiuza kwa shilingi 45,000 kwa mtu wa Mayungu, na hata robo ya thamani yake haifiki. Pesa zenyewe amezigawa barabarani. Miezi miwili aliyoacha ilikuwa imemwokolea shilingi 4,800.

Mkewe aliniambia jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. “Hakupona, daktari. Hakuwa nazo. Aliona haya kukwambia.”

Tangu usiku ule nikisikia “nimepona” mwezi wa tano, nauliza upya. Pwani yetu mtu yuko radhi aonekane mzima kuliko aonekane hana. Anavaa kanzu iliyopigwa pasi, anapita mbele ya mlango wangu akielekea msikitini, ananisalimia vizuri, na nyumbani hana kidonge. Ananitunzia heshima mimi na kujitunzia yeye. Mimi heshima hiyo siitaki! Sema “sina”. Neno hilo lina matibabu yake. Naweza kukuandikia dawa nyingine ya bei ndogo zaidi. Naweza kukuona kila baada ya miezi miwili badala ya kila mwezi ikiwa umetulia. Naweza kukuandikia barua uende kliniki ya hospitali ya serikali, ambako mara nyingi unaweza kupata ile sindano ya mwezi ya saikosisi, ya fluphenazine, kwa wanaoihitaji. Na kama kweli wakati wa kuacha umefika, tunapunguza kidogo kidogo. Ukizikata ghafla, dawa nyingi za akili zinakupa kizunguzungu, usingizi wa mang’amung’amu na ugonjwa kurudi kwa kishindo.

Nasaha yangu, ambayo wagonjwa wangu wameshachoka nayo: lipa kwa kaskazi, umeze kwa kusi. Pesa ya utalii na ya uvuvi inaingia kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu. Basi mwezi wa pili nunua dawa za miezi mitatu, uziweke mahali pakavu, mbali na watoto. (Kwa mwenye mawazo ya kujiua sisemi hivyo, huyo dawa zake anakaa nazo ndugu, na anapewa za wiki moja moja.) Ukienda duka la dawa, taja jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara lililo kwenye boksi. Tofauti ya bei itakushangaza, na kilichomo ndani ni kilekile.

Hapo hapo nimalizane na wale wanaodhani dawa ya kliniki ya kulipia ina nguvu kuliko ya serikali. Fluoxetine ya miligramu 20 ni ya miligramu 20 popote. Kwangu unalipia foleni fupi, saa ya jioni, na mlango unaofungwa.

“Bima hailipi mambo ya akili.” Hili nalisikia hata kwa walimu. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989 ilishakataza bima ya ugonjwa kuyatenga magonjwa ya akili, na marekebisho ya 2022 yakakataza kumbagua mgonjwa anapotafuta bima. Karani mmoja wa bima aliwahi kuniambia kwa simu kwamba kampuni yao “haina kitu hicho.” Nikamwomba aniandikie kwa barua pepe, na siku ya pili kitu hicho kikapatikana. Utakachokikuta mara nyingi ni kikomo: kiasi fulani kwa mwaka, na lazima uombe idhini kabla. Soma karatasi zako, na usifiche ugonjwa ulionao unapojaza fomu, maana hapo ndipo wanapopata sababu ya kukataa.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Walioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara anapimwa uwezo wake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Hilo nalo, ndugu yangu mwenye boti, ni jambo la mwezi wa kwanza. Afya ya akili imo kwenye huduma zake, ila uliza kituo kama kimeidhinishwa kabla hujalazwa, usiulize wakati wa kutoka.

“Elfu moja na mia tano kwa kuongea tu? Barazani naongea bure.” Kweli, na baraza nalipenda. Lakini barazani ukisema usingizi umepotea, kila mtu anakupa wake. Mnasihi, yule mshauri wa kulipia, anakuuliza unachokikwepa, anakupa kazi ya kufanya nyumbani, wiki ijayo anakudai. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 lazima awe amesajiliwa. Muulize namba ya usajili kabla ya kutuma M-Pesa, na akikasirika nenda zako.

Kwa wazazi wanaouza shamba ili kumpeleka kijana wa unga, yaani heroini, kwenye nyumba ya kulipia: kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, katika hospitali ya serikali hapa Malindi haidai pesa ya dawa. Anzeni pale, shamba libaki.

Na wale wanaolipa taslimu, wakaiacha bima waliyokwisha kuilipia, kwa hofu kwamba bosi atajua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa data nyeti, na bima haina ruhusa ya kumpelekea mwajiri jina la ugonjwa wako bila idhini yako. Mama mmoja kutoka Lamu alikuja kwa basi, akatibiwa, kisha akanishika mkono mlangoni: “Mwanangu, nina kadi ya kazini. Niandikie malaria.” Nilimrudisha kitini, tukapiga simu kwa bima mbele yake, akasikia mwenyewe kwamba mwajiri hupewa idadi na kiasi, majina ya maradhi hapewi. Akalipiwa. Malaria siandiki, wala pressure siandiki, kwa hiyo msiniombe.