Kufufua skuta ya umeme ambayo haitengenezwi tena

Skuta nyingi zinazonifikia zikiitwa "maiti" hazina ubaya wowote kwenye fremu wala kwenye mota. Kilichokufa ni betri au kontrola (kifaa kinachoipimia mota umeme kutoka kwenye betri), na kampuni iliyoiunda ilishaachana na modeli hiyo. Mwenyewe huwa ameshasaka kontrola yenye nembo ileile hadi amechoka. Mimi humwambia aache kusaka. Skuta haijui nembo. Inajua volti, ampea na mpangilio wa waya, na hivyo vyote vina spea mbadala.

Kabla hujanunua chochote, chomoa betri, kisha zungusha gurudumu la mota kwa mkono. Likiwa zito na linakwamakwama, chomoa waya tatu nene za fezi zinazotoka kwenye mota (mara nyingi ni njano, kijani na buluu) na uhakikishe hazigusani. Likianza kuzunguka kwa wepesi, mota haina shoti. Transista za kontrola, yaani swichi zake ndogo za umeme, ndizo zilizoungua. Likibaki zito vilevile, ubovu uko ndani ya mota, au beringi zimekwisha. Kipimo hiki hakidai hata mita, na sijui kingine kinachookoa pesa kama hiki.

Pembeni ya zile nene kuna waya tano nyembamba za sensa za Hall, zile zinazoiambia kontrola mota imezunguka hadi wapi: nyekundu yenye volti 5, nyeusi, na tatu za ishara. Kontrola ikiwa imewashwa, pima kati ya nyeusi na kila waya ya ishara huku ukizungusha gurudumu polepole. Namba inatakiwa kurukaruka kati ya karibu 0 na karibu 5. Ikiganda, sensa hiyo imekufa. Unaweza kufungua mota ukaibadilisha, lakini kwa skuta ya kusukuma kwa mguu mimi naona ni kujichosha bure. Tafuta kontrola inayoweza kuendesha mota bila sensa. Kasoro yake ni kushtukashtuka wakati wa kuondoka, na hapo wewe umeshaisukuma tayari.

Betri ndiyo inayopanga mengine yote. Betri ya lithiamu ya volti 36 ina seli 10 kwa mfululizo na ikijaa inafika 42. Ya volti 48 ina seli 13, ikijaa ni 54.6. Kontrola, chaja na bodi ya ulinzi wa betri lazima vifuate namba hizo. Chaja ya betri za asidi iliyoandikwa volti 36 isikudanganye: hupanda hadi 43 au 44, na hizo ni nyingi mno kwa seli 10. Wapo wanaotaka kufunga betri ya 48 kwenye skuta ya 36 ili ikimbie. Mota huenda ikavumilia, lakini kontrola yenye kapasita (vihifadhi umeme) za volti 50 haitavumilia, na breki zitabaki zilezile za mwendo wa zamani. Kazi hiyo siipokei.

Na betri iliyokaa stoo hadi seli zake zikashuka chini ya volti 2, usiichaji. Shaba iliyo ndani huwa imeanza kuyeyuka, na ukiichaji inaweza kujijenga mahali pasipofaa ikapiga shoti ndani kwa ndani. Huo ni moto unaousubirisha tu.

Kwa mota ya wati 350 na volti 36 unahitaji ampea 10 hivi, kwa hiyo kontrola yenye kikomo cha 15 inatosha, ilimradi bodi ya ulinzi inaruhusu zaidi ya hapo. Inunue pamoja na skrini na eksileta yake, kama seti. Skrini ya zamani huongea na kontrola yake kwa lugha ya kampuni, na ukiilazimisha utapoteza muda.

Sasa kuunga. Rangi za waya hazina sheria, kwa hiyo usiziamini. Anza tu kwa kufunga sensa rangi kwa rangi, inua gurudumu lisiguse chini, kisha badilisha mpangilio wa fezi tatu. Kuna njia 6, na moja tu ndiyo sahihi. Ile sahihi huijua kwa sikio: gurudumu linanyamaza na kuteleza, na ampea bila mzigo hazifiki 2. Zisizo sahihi hunguruma au kutetemeka, na nyingine zinazunguka kabisa lakini zinakunywa umeme na kupasha mota moto, ndiyo maana napima ampea hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Gurudumu likizunguka vizuri ila kinyumenyume, badilishana waya mbili za ishara za sensa, uanze tena na fezi. Jaribu kwa kuongeza kasi kidogo sana. Kontrola mpya huungua hapa kuliko popote.

Mwisho unganisha waya ya breki, ile inayoikata mota ukishika leva. Swichi ya zamani isipoendana na kontrola mpya, badilisha leva nzima. Waya hiyo usiiache ikining'inia.