Kuandika machungu si kutonesha kidonda

Hapa Mbeya ukisema unataka kuandika yaliyokuumiza, utajibiwa upesi: "Acha, utatonesha kidonda." Ni imani ya siku nyingi, na ina chembe ya ukweli. Mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioeleza tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walibaki na huzuni zaidi mara tu baada ya kuandika. Lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Maumivu yalikuwepo, ila hayakudumu.

Msiba wa jana, hata hivyo, uache kwanza upoe.

Wala usingoje Kiswahili sanifu. Andika Kinyakyusa, Kisafwa, chochote unachoomboleza nacho; daftari la shule linatosha. Na siku ukiwa tayari, msomee jirani unayemwamini ukurasa mmoja. Nimeona watu wakisomeana hivyo jioni ya baridi, na aliyekuja kusikiliza akaanza kusimulia lake, alilolifungia moyoni miaka.