Saa nane ya nani? Dawa za wazee nyumbani

Bibi mmoja wa miaka sabini na ushee aliletwa dukani kwangu na mjukuu wake, na shtaka lilikuwa moja: ameacha dawa za sukari, mkaidi. Nikamwomba bibi anisimulie mwenyewe. Dawa zilikuwa metformini, zimetumwa na binti yake aliyeko Uingereza, na juu ya boksi binti kaandika kwa kalamu: "8 na 8". Kule aliko, nane ni saa mbili yetu. Amekaa huko mpaka saa zake zimehama. Bibi akasoma nane kama nane. Kwa wiki tatu akawa anameza kidonge saa nane mchana, na usiku anaamka saa nane, giza totoro, anapapasa glasi ya maji na kumeza kingine.

Kwa hesabu hakukosea, maana pengo ni saa 12 vilevile. Ila metformini inataka chakula tumboni. Ukiimeza na tumbo tupu usiku wa manane, tumbo linaweza kusokota na kuharisha, na ndivyo ilivyokuwa kwake. Akaacha. Hata mimi ningeacha.

Nimekuwa mfamasia miaka ya kutosha kuona kwamba tukiambiwa "mzee anasahau dawa", mara nyingi hajasahau kitu. Ana sababu, na hakuna aliyekaa akamuuliza. Kwa hiyo kabla hujanunua kisanduku cha siku saba au kutega kengele kwenye simu, fanya hivi: leta mfuko wa dawa, ule wa nailoni unaoning'inia nyuma ya mlango, umwage wote mezani. Chukua dawa moja moja, muulize mzee hii ni ya nini, anaimeza lini, na ikimezwa anajisikiaje. Usimsahihishe kwanza. Sikiliza.

Utakayoyakuta humo yatakushangaza. Utakuta bahasha iliyoandikwa "1 x 2", yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, lakini mzee anameza viwili kwa mpigo asubuhi. Utakuta dawa ileile yenye majina mawili. Hili la majina ndilo linaloniogopesha zaidi. Mwezi huu kapewa amlodipini, dawa ya presha, ya kiwanda fulani, kidonge cheupe. Mwezi ujao duka limeishiwa, kapewa ya kiwanda kingine, boksi jingine, rangi nyingine. Mzee wangu mmoja alidhani daktari kamwongezea dawa, akawa anameza zote mbili, miligramu 10 na 10, wakati 10 ndicho kipimo cha juu kabisa kwa siku. Alikuja miguu imevimba na kichwa kinazunguka. Jina la kutazama ni lile la dawa yenyewe, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kibiashara. Likiwa moja, dawa ni moja, hata rangi zikitofautiana.

Na humo humo, chini kabisa, utakuta diklofenaki za magoti. Hakuna aliyezitaja kliniki kwa sababu "hizo si dawa, ni za maumivu tu". Ndizo hizo zinazoweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mzee anayetumia losartani ya presha pamoja na dawa ya kukojoza. Zitajeni.

Baada ya hapo ndipo upange muda, na usiupange kwa tarakimu. Ufunge kwenye jambo ambalo mzee halikosi: chai ya asubuhi, swala ya Magharibi, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Dawa ya kukojoza ikae na chai ya asubuhi, asije akakesha njia ya chooni na kuanguka gizani. Kwa anayefunga Ramadhani na ana sukari, ratiba ibadilishwe na daktari kabla mwezi haujaandama. Glibenklamidi, dawa nyingine ya sukari, ikimezwa bila chakula inaweza kushusha sukari mpaka mtu akatoka jasho, akatetemeka, akaongea yasiyoeleweka.

Dozi ya kila siku ikisahaulika na akakumbuka mapema, anywe. Kama ya pili imekaribia, aiache ile iliyopita. Asimeze mbili kufidia. Anayechoma insulini au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Na msimtwangie vidonge kwenye uji bila kuuliza: vingine, kama nifedipini ya presha, ile ya kuachia dawa polepole, vikisagwa humwaga dozi yote kwa pamoja.

Kuna wale wanaopiga simu kila jioni: "Shikamoo mama, umekunywa dawa?" Mama atajibu nimekunywa, mwanangu. Atajibu hivyo hata kama hajanywa, kwa sababu swali lenyewe linamgeuza mtoto. Aliye naye nyumbani amletee maji na kusema, "Bibi, maji ya dawa haya." Halafu kila Jumapili ahesabu vidonge vilivyobaki kwenye karatasi yake. Kidonge hakidanganyi kwa heshima.

Atakaposema "presha imeshapona, nimepimwa iko sawa", usibishane. Mwambie iko sawa kwa sababu ya kidonge, na akiacha, itapanda kimyakimya bila kumuuma popote.

Lingine ni safari. Msiba ukitokea kijijini, mzee huondoka na dawa za siku mbili, akakaa mpaka arobaini. Dawa za mwezi ziingie begini kwanza, khanga baadaye.