Madondo, shairi na benga: saa za kungoja jikoni Nairobi

Mtu akihama Mombasa kuja kuishi Nairobi, kitu cha kwanza kumsumbua jikoni huwa ni maharagwe. Aina ni ileile, sufuria ni ileile, moto upo, lakini muda unayoyoma na punje bado ngumu. Kwa nini? Swali hili huulizwa kila ninapoanza darasa jipya la upishi, nami hulipenda, kwa sababu linanipa nafasi ya kuzungumzia kitu ninachokienzi sana: zile saa mbili za kungoja madondo, yaani maharagwe, yaive.

Nairobi imekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiongeza moto, yatatokota kwa kelele zaidi na kukauka upesi, lakini joto lake halipandi tena. Wanafunzi wengi hawaliamini hili mpaka nitumbukize kipimajoto mbele ya macho yao.

Ndani ya punje kuna pektini, ambayo ndiyo gundi inayozishikanisha seli. Kuiva kwa maharagwe ni kulegea kwa gundi hiyo, na hizo nyuzi sita zilizopungua huichelewesha sana. Kwa hivyo mimi huyaloweka usiku kucha, tena kwa maji yenye chumvi kidogo. Wapo walioambiwa kwamba chumvi huyafanya magumu. Ukweli ni kwamba kwenye maji ya kuloweka inasaidia kulainisha ganda. Kinachozuia maharagwe kuiva ni nyanya, kwa sababu ya ukali wake. Usiitie nyanya kabla punje haijapondeka kati ya vidole viwili. Magadi nayo hulainisha haraka, ila ukizidisha, mchuzi unapata ladha ya sabuni na vitamini B1 inapotea. Mimi siyatumii.

Umri wa maharagwe una uzito kuliko yote haya. Yaliyokaa ghalani muda mrefu, penye joto na unyevu, huwa sugu, na hata uyachemshe mpaka jioni yatakushinda. Nikienda kwa wauza nafaka wa Nyamakima kununua gorogoro ya maharagwe ya Nyayo au Wairimu, kabla ya bei nauliza yamevunwa lini. Kisha nateka mkono mmoja na kuyatazama kwenye mwanga: Nyayo mpya ina rangi ya maziwa yenye madoa mekundu, ya zamani imegeuka hudhurungi.

Sufuria ya presha ninayo, na siku za kazi inaniokoa. Jumamosi naiacha kabatini. Nataka saa zangu mbili.

Katika saa hizo nasoma mashairi. Riwaya nzito hainifai jikoni, maana ukiiweka chini mara kwa mara unapoteza uzi. Shairi la tarbia linakuruhusu kuinuka: ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, yaani 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili, na ubeti mmoja unajitosheleza. Nasoma ubeti kimyakimya, nakoroga, kisha naurudia kwa sauti. Sauti ndiyo hakimu. Mizani ikipungua, ulimi unajikwaa. Kina kikilazimishwa, sikio linagundua mara moja. Kuna beti nilizozipita mezani bila kuona kitu, zikaja kunifungukia nikiwa nimesimama na mwiko mkononi, kwa sababu tu nilizitamka.

Diwani zangu nyingi za mashairi nimezipata kwenye vitabu vya inama, kwa wale wauzaji wanaotandaza bidhaa yao kando ya barabara katikati ya jiji. Anayependa kusomea maktaba, Eastlands kuna ile ya Kaloleni na ya Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931.

Muziki wangu wa jikoni ni benga. Napenda hasa gitaa la solo, namna linavyodonoa noti moja moja likimjibu mwimbaji, kwa mtindo ulioegemea nyuzi za nyatiti, kinanda cha Waluo. Msikilize D.O. Misiani na Shirati Jazz. Besi haitulii, inadunda kwa vipande vifupi vifupi, halafu katikati ya wimbo maneno yanakoma na magitaa yanachukua usukani. Benga nyingi za miaka ya 1970 zilitoka kwenye sahani ndogo za santuri za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja hubeba dakika chache tu, kwa hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili, na ukitaka uhondo wote wa magitaa sharti uinuke ugeuze sahani. Mimi naona huo ni utaratibu mzuri sana kwa mpishi. Nikiinuka kugeuza sahani nafunua pia sufuria, na maji yakiwa yameshuka chini ya maharagwe naongeza mengine ya moto. Ya baridi yanashusha joto, na joto ndilo tulilopungukiwa hapa juu.

Punje zikianza kupondeka, nakanda unga wa chapati kwa maji ya uvuguvugu na kuufunika nusu saa, ulegee usije ukarudi nyuma wakati wa kusukuma. Hapo ndipo nakaanga kitunguu mpaka kipate rangi ya dhahabu, natia nyanya, nazipika mpaka mafuta yajitenge, kisha maharagwe na supu yake. Naponda machache kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito, na dania nairushia baada ya kuepua. Kwa chakula cha saa moja jioni, bandika saa tisa unusu.